Ombi la Kulitundikia Korongo Pazia

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Korongo.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, tena umeligeuzia dirisha mgongo, maana vinginevyo hutafika mwisho wake.

Mimi ni yule fundi wa mapazia aliyehamia nyumba ya mwisho, karibu na ukingo. Najua mnaniita Mama Mapazia, na sijakasirika. Naandika kulishitaki korongo.

Nieleze kwanza tulivyofika. Kule mjini, kwenye tambarare, kazi yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Nyumba za kule zinatazamana uso kwa uso, na jirani anajua umepika nini kabla mumeo hajajua, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuishi bila pazia. Ndipo wifi yangu, dalali wa nyumba, mwanamke anayeweza kukuuzia ngazi kwenye nyumba isiyo na ghorofa, akatuambia kuna watu wanahamia korongoni, mandhari ya kumtoa mtu machozi, na nyumba zao ni madirisha matupu kutoka sakafuni hadi darini. Mume wangu alisikia mandhari. Mimi nilisikia madirisha. Usiku ule usingizi ulipaa, nikawa napiga hesabu ya vitambaa kitandani, na kabla mwezi haujaisha tukawa tumehama na majora yangu yote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna anayetaka pazia. Nilianza na jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye ukuta mzima wa sebule yake ni kioo. Nikapima, nikamwonyesha sampuli, akazipapasa kwa upole, kisha akaniambia, "Dada, maisha yangu yote nimefanya kazi wodini natazama ukuta. Kwa hili utanisamehe." Nikakunja tepu yangu nikaaga vizuri, lakini roho iliniuma.

2. Mteja pekee niliyempata ni mwalimu wa hesabu, na alichotaka ni pazia la dirisha la choo, ukubwa wa daftari. Hata hilo alilirudisha baada ya kugundua kwamba ukisimama juu ya ndoo unaona maporomoko ya maji.

3. Mume wangu ameharibika. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu wa kupanda nguzo, na tangu astaafu ndiye aliyekuwa akinitobolea kuta na kunifungia fimbo za mapazia. Sasa kila jioni anabeba kiti anakwenda ukingoni kukaa na waume wengine wasio na shughuli, na akirudi nikimuuliza habari za huko ananiambia mwamba umebadilika rangi. Kule mjini alikuwa akirudi na umbea wa maana.

4. Korongo linafanya biashara bila leseni. Mimi ninayo, nimeitundika ukutani. Lenyewe linafungua alfajiri kabla sijanawa uso, linagawa bidhaa bure, halina siku ya mapumziko, na wateja wake ndio walewale wangu. Niambie, Mwenyekiti, ni duka gani lingeachiwa kufanya hivyo katika mtaa unaojiheshimu?

Sitaki kuonekana mgomvi, hivyo nimeleta na suluhisho. Kwanza nilifikiria kamati iagize kila nyumba ifunge mapazia saa za mchana ili macho ya watu yapumzike. Nikaona watachungulia tu, nimeshawajua. Nikafikiria tuwaombe wafumbe macho kila wapitapo dirishani, lakini wazee wataanguka. Kwa hiyo imebaki njia moja ya haki: tulitundikie korongo lenyewe pazia moja, kutoka mwamba huu hadi ule wa pili. Anayetaka kutazama asubiri siku ya mapumziko, litakapovutwa.

Kiufundi inawezekana. Fimbo ya urefu huo haipo, ila mume wangu alikiri kwamba waya wa zile nguzo kubwa za umeme ungebeba, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Pete zitengenezwe kwa matairi ya trekta. Kitambaa kiwe kizito, chenye bitana upande wa jua kisipauke, na pindo la chini litiwe mawe, kwa sababu upepo wa huku hauna adabu. Rangi napendekeza ya udongo, haionyeshi vumbi. Marinda nitayashona mwenyewe.

Unaweza kucheka, Ndugu Mwenyekiti, mume wangu ameshakutangulia. Lakini mimi sijui kazi nyingine. Nimeshona tangu niko binti, na siku ikipita sijashika mkasi najiona mgeni ndani ya nyumba yangu. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Kamati ikinikatalia, mwisho wa mwezi tutarudi mjini, kwenye vile vyumba viwili tulivyokuwa tumepanga kwa wifi, na mume wangu atarudi kutazama bati la jirani. Sitapenda kumfanyia hivyo, ila nitamfanyia.

Nisalimie wajumbe wote, pamoja na yule anayesinzia kikaoni. Msalimie sana mkeo, mwambie asivuke barabara akiniona; nilimpimia sebule kwa nia njema tu. Na watoto nao wasalimie.

Ni mimi, kwa heshima zote, tepu ikiwa shingoni,

Fundi wa mapazia,
nyumba ya mwisho.

Nyongeza: Mume wangu ameisoma barua hii, akasema mkija kukagua mtakuta chumba changu cha cherehani hakina pazia, nacho ndicho chenye dirisha kubwa kuliko yote, na mtauliza mimi ni fundi wa namna gani. Ni kweli. Tangu tuhamie nimekuwa nikisema nitalishona kesho. Basi leo amechukua drili na fimbo, akapanda juu ya kiti aifunge. Aliposimama pale mbele nikajikuta namwambia, "Sogea, mzee, sioni." Ameshuka, na safari hii hakucheka. Tumekaa wote wawili hapa, jua limefika kule chini mtoni, chai imepoa na hakuna aliyekumbuka kuinywa. Kuhusu lile pazia kubwa, naomba liachiwe nafasi mkabala na dirisha hili. Na kama nafasi hiyo italiharibu, msilitundike kabisa. Vile vyumba vya mjini nimeshamwambia wifi ampangishe mtu mwingine.