Mikaratusi Yangu na Kaunti Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Amekuja Phanice, afisa wa mazingira wa kaunti ya Kisii. Eti mikaratusi yangu ya kando ya kijito inamaliza maji, ikatwe. Ikatwe! Miti mirefu kuliko yote bondeni, ya kumjengea mwanangu Omosa nyumba! Nikamwambia kwa heshima kwamba amepotea njia, mpaka uko juu barabarani, hapa ni Nyamira. Akaomba msamaha, akaenda. Binti mpole sana.

Jumatano, 5 Machi
Leo Dancun, wa kaunti ya Nyamira. Wimbo ule ule. Nikamwonyesha kijito: huo ndio mpaka, kijana, umeshauvuka, hapa ni Kisii. Akageuza pikipiki. Nyangate, jirani yangu wa ng'ambo, alikuwa akichungulia. Yeye aling'oa miti yake akapanda mianzi. Mwoga.

Alhamisi, 6 Machi
Redio inasema Kisii na Nyamira zitapanga maendeleo pamoja, maji yakiwemo. Mkutano ni Jumanne, pale Sironga. Nimecheka hadi nikakohoa. Hapa kwetu ndugu wa tumbo moja hawakubaliani mgomba wa mpakani ni wa nani, sembuse kaunti! Ila kutakuwa na kuku.

Jumanne, 11 Machi
Kuku walikuwepo. Hema la Kisii upande huu, la Nyamira ule. Nikala kama mzee wa Kisii, nikavuka, nikala kama mzee wa Nyamira. Tamu pande zote.
Kisha Phanice akasimama kunisalimia mimi, "mzee wetu jirani kutoka Nyamira". Dancun akashangaa, akasema huyu ni wa Kisii, mwenyewe alimwambia hivyo pale kijitoni. Nyangate, hana haya, akasema mzee huyu ni wa kote kote, waulizeni wapishi. Watu wakaanguka kwa kicheko.
Wakapatana papo hapo: kazi ya kwanza ya ushirikiano ianzie kwangu. Yaya, hapana! Miaka yote hawapatani, wanakuja kupatania shambani mwangu?

Ijumaa, 14 Machi
Wamekuja. Msumeno wa Kisii, vijana wa kubeba wa Nyamira. Nilikumbatia mti mmoja. Dancun akaniambia, "Mzee, achilia, tutakukata na wewe." Nikakataa. Wakakata mwingine kwanza.
Bosibori, mke wangu wa ndoa, akawapikia chai! Eti, "Baba Omosa, nimechoka kubeba mtungi hadi kwa Nyangate."
Nikamuuliza Phanice ni nani alisema miti hii ni kosa. Akajibu ni sheria: isiwepo ndani ya mita thelathini kutoka kijitoni. Nikamwambia arudie. Kutoka kijitoni? Kutoka kijitoni, mzee.

Jumatatu, 24 Machi
Visiki vimechipua! Damu ya kwetu haifi. Phanice na Dancun watarudi wiki ijayo kuving'oa na kupanda mianzi. Bosibori anasema chemchemi yetu iliyokauka imeanza tena kutoa maji. Nimemwambia ni mvua.
Nimenoa jembe. Nimeanza mfereji pale kwenye kona ya kijito. Visiki visisogee, kijito kisogee! Kipite kwa Nyangate, kaunti nayo ifuate, na mimi niongeze shamba. Waje na kamba yao wapime.
Bosibori amekuja kuuliza sasa tutachota maji wapi. Mtu anahamisha kaunti nzima kwa jembe moja, yeye anauliza habari ya mtungi!