Ufunguo wa Studio ya Mshindi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, Waheshimiwa wake na waume wa Wajumbe, majaji watatu wa shindano letu la runinga la Koo la Dhahabu, wadau wote wa sauti, wazazi, na ninyi mliosimama juani kwa kuwa viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa! (Makofi, mstari wa mbele.)

Kabla mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Vipaji, sijaanzisha shindano hili, muziki wetu ulikuwa vurugu tupu, kila mtu anaimba wimbo wake! (Kicheko.) Leo, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe nikiwa kwenye gari, asilimia mia moja na nne ya waimbaji wanaimba wimbo uleule, wanafumba macho palepale, na wanavuta noti ya mwisho mpaka jaji alie. Huo ndio usanifishaji wa kimkakati wa maudhui, na umefika hata harusini, ambako bibi harusi haingii ukumbini mpaka apigiwe kura. Nani alisema hatuwezi? (Sauti: “Hakuna aliyesema!”) Asante dada, kaa chini. (Dada hana kiti.)

Sasa nimfikie mshindi wetu, fundi cherehani, ambaye tulipomwahidi kurekodi wimbo wake mwenyewe ndani ya studio hii ninayoizindua, aliuza cherehani siku ileile. Huo ndio uzalendo! (Mama yake: “Cherehani ilikuwa yangu, jamani!”) Mama, maswali mwishoni. Binti yangu, shika ufunguo, fungua mlango. (Anafungua. Nyuma ya mlango kuna ukuta.)

Msigune! Mchakato una awamu. Awamu ya kwanza ni ufunguo, ya pili ni mlango, na zote tumezikamilisha kabla ya muda. Chumba kinafanyiwa upembuzi yakinifu. Koo la Dhahabu! (Watu wanatazamana.) Hapo mnaitikia “Juu!” Koo la Dhahabu! (Sauti: “Juu ya nini?”)

Nahitimisha kwa kumshukuru seremala, aliyeupigilia mlango huu ukutani jana bila kuuliza studio iko wapi, maana kwa swali hilo hata mimi angeninasa. Nawashukuru pia... (Mshindi ameegemea mlango, anaimba wimbo wake.) Binti, huo haumo kwenye orodha! Nani kampa maikrofoni? Zimeni maikrofoni hiyo, haraka!

(Inazimwa. Ilikuwa moja tu, ya Mkurugenzi. Midomo ya Mkurugenzi inaendelea kucheza bila sauti. Wimbo wa mshindi unasikika mpaka barabarani, na mama anaitikia.)