Fomu ya Hamsini

Jumatatu, 6 Aprili
Barua kutoka makao makuu ya Bunge la Vijana. Dharau tupu! Ati vijana wetu watakwenda Sacramento, mji mkuu wa jimbo, kukaa kwenye viti vya wabunge na kujadili miswada yao endapo tu mji utaleta nakala hamsini za fomu za kodi, kila moja ikiwa na mchango kwenye mstari wetu, ule wa vijana, kati ya mistari ya michango ya hiari. Mwisho tarehe 15, saa kumi na moja jioni. Tunazo kumi na tisa. Vijana kumi na wanne wanangoja, na karani wao, Dulce Ochoa, ameshaandika mswada wa visima vilivyokauka. Kurasa tisa!

Mlezi wa msafara ni mimi, bila shaka. Nimegombea udiwani mara tatu na mara tatu wameninyima. Safari hii nitakikalia kile kiti cha ngozi cha mbunge, hata kwa dakika tano. Chini ya barua pana maandishi madogo: mlezi naye awe amechangia. Hayo ni ya watu wengine.

Jumanne, 7 Aprili
Nimekwenda kwa shemeji yangu Gus Mattos, anayejazia nusu ya mji fomu za kodi. Nimemwomba kitu kidogo: mteja akifika ukurasa wa michango, akohoe kumkumbusha mstari wetu. Kikohozi tu! Amesema nikiendelea nitakohoa mimi, tena nje ya mlango wake. Watu wenyewe hawaufikii ukurasa huo, akasema. Wakishajua watarudishiwa kiasi gani, wanatia sahihi na kutimua mbio.

Na mezani kwake, kobe wa sufu! Kaletwa na Bi Verna Pacheco, anayepigia debe mstari wa kobe wa jangwani, ulio juu ya wetu. Kobe atatunga sheria gani? Nimemgeuza akatazama ukuta. Gus akamgeuza tena, akauliza karatasi zangu mwenyewe nitaleta lini. Nikakumbuka nina haraka.

Ijumaa, 10 Aprili
Pankeki za bure kwenye ukumbi wa zimamoto. Sharti: njoo na nakala. Wamekula watu tisini. Nakala kumi na mbili! Mzee Avila kamaliza sahani nne, kisha katoa fomu ya mwaka juzi.

Wengine walisema hawajajaza, na tarehe 15, siku ya mwisho ya kodi, inawanyima usingizi. Nikawaonea huruma. Nimewaeleza kwamba serikali inakubali kumwongezea mtu muda hadi Oktoba, na mimi huomba hivyo kila mwaka, huu wa ishirini na mbili. Wamefurahi kweli! Saba wameomba palepale kwa simu zao. Dulce akashika kichwa. Akaniuliza, "Bwana Borba, fomu za Oktoba zitatusaidia nini sisi?" Vijana wa siku hizi hawajui kushukuru.

Jumatatu, 13 Aprili
Vijana wamepita nyumba kwa nyumba siku mbili. Tumefika arobaini na nne. Mimi nimesimamia kazi hiyo nikiwa kwenye gari.

Nimemkuta Bi Verna posta nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba anatuhujumu. Amejibu taratibu kwamba yeye hashindani na watoto, nyonga inamuuma, na zamu yake kwa Gus bado. Visingizio! Foleni ikacheka. Najua ilimcheka yeye.

Jumatano, 15 Aprili
Saa sita mchana: arobaini na tisa. Amebaki mtu mmoja! Katika mji mzima kuna msaliti mmoja anayewanyima hawa watoto haki yao. Kikulacho ki nguoni mwako! Nimeandika orodha ya washukiwa: Gus, Verna, padri.

Dulce akaja na fomu tupu na kalamu. Kasema ni dakika kumi tu, hata dola moja inatosha. Nimemweleza kwamba mimi ni kiongozi wa kampeni, na ombi langu la Oktoba limeshakwenda tangu Jumamosi. Mtu mzima hakimbizwi. Akachukua kalamu yake, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi na dakika hamsini, Bi Verna akaingia na mkongojo, anahema. Nakala mkononi. Dola tano kwa kobe, ishirini kwa vijana. Hamsini! Vijana wakarukaruka, Dulce akalia. Nikasimama kupokea pongezi. Wakanipita kwenda kumkumbatia yule mama.

Alhamisi, 16 Aprili
Makao makuu wamepiga simu: mlezi lazima awe amechangia. Vijana wakapiga kura. Kumi na wanne kwa sifuri, Bi Verna! Dulce katoa hoja, tena kwa hotuba, kwamba kiti cha ngozi kitamfaa nyonga.

Shukrani ya punda ni mateke! Nani alikoroga unga wa pankeki? Nani alimfichua msaliti? Karibu nimfichue, muda tu haukutosha.

Haya. Oktoba nitakapojaza fomu yangu, mstari wao nitauruka, kama ninavyouruka kila mwaka. Hapo ndipo watakapojua thamani yangu.