Duara la Keremkerem

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimepata kazi! Mlinzi wa ndege kwenye ngitili, hifadhi ya kijiji. Zamani hapa palikuwa jangwa, miti yote imefyekwa. Wanakijiji wakaitenga ardhi, wakazuia mifugo, migunga ikarudi na ndege wakaifuata: hondohondo, kanga, kasuku wadogo wenye kelele. Mke wangu, Mama Aneth, kanichinjia jogoo. Aliapa nikirudi machimboni Geita, naye anarudi kwao Masumbwe na mtoto pamoja na mtamba wake, zawadi ya baba yake. Nimemwapia: Geita basi! Sikusema uongo. Keremkerem wanachimba viota kwenye ukingo wa korongo, humu humu ngitilini, na udongo wanaoutupa nje unametameta. Ndege wamefungua duara, shimo la dhahabu, tena bila leseni!

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeuosha udongo wa keremkerem kwenye karai la Mama Aneth. Njano! Tatizo ni jirani yangu Theonest, aliyeitaka kazi hii akanyimwa. Kanikuta na sururu. Akauliza mlinzi wa ndege na sururu wapi na wapi. Nikajibu nataka kuwachimbia ndege kibwawa, wapate maji kiangazi hiki. Akaguna, akaenda zake. Mjinga yule!

Alhamisi, 10 Oktoba
Si mjinga. Kaenda kunishtaki kwa Ndaki, kamanda wa sungusungu. Kumbe kamanda kalipenda wazo la kibwawa! Asubuhi kijiji kizima kimekuja na majembe, kinamama wakiimba. Nimechimba bwawa tangu jua linachomoza, mbali kabisa na korongo. Ndaki kanisifu mbele ya watu. Mama Aneth alinitazama kama siku ya harusi yetu. Nilifurahi, sikatai. Lakini mgongo!

Jumamosi, 12 Oktoba
Siku ya mnada. Hakuna mtu. Nimekata mgunga mmoja (mmoja tu!) wa kutengenezea matimba ya kuzuia udongo, nikaushambulia ukingo. Keremkerem wakanizunguka wakipiga kelele. Nikawaambia watulie, sote tunatafuta riziki. Ukingo ukaporomoka! Nimefukiwa mpaka kifuani, viota vyote chini, mayai yamepasuka mbele ya pua yangu. Nani kapita? Theonest. Hakunifukua. Kwanza kapiga mwano, ule ukelele wa kuita sungusungu, na mnada mzima ukahamia korongoni.

Jumatatu, 14 Oktoba
Dagashida. Kijiji chote kimekaa kunihukumu. Ndaki kauliza nilikuwa natafuta nini mle. Nikasema nawapanulia ndege viota. Watu wakacheka, isipokuwa Mama Aneth. Mchimbaji mmoja mzoefu kaitazama njano yangu, akasema ni ulanga tu, vijiwe vya kung'aa visivyo na thamani. Adhabu: ng'ombe mmoja. Tunaye mmoja, yule mtamba. Amechinjwa, ameliwa hapo hapo. Theonest kachagua paja, na kazi yangu kapewa yeye. Mama Aneth kamchukua mtoto, kapanda basi bila kuniaga. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimelia, na ninaandika hivyo bila aibu.

Jumamosi, 19 Oktoba
Masumbwe. Nimepiga goti, nimetoa shikamoo. Baba mkwe kaitikia marahaba akitazama pembeni. Nikaeleza kila kitu, hata mayai. Mimi mwenyewe nimejishangaa! Mwishowe kalainika: kesho Jumapili twende wote kanisani, nisimame mbele ya waumini niape kuachana na uchimbaji, ndipo nimchukue mke wangu. Mama Aneth kaniongezea mboga bila kuombwa.

Jioni nimekwenda kunawa nyuma ya zizi. Pana kichuguu kikubwa. Mchwa huchimba chini zaidi kuliko keremkerem, na tena hawana ukingo wa kuporomoka. Nimeusugua udongo wao kiganjani. Unametameta!

Nimemwambia Mama Aneth kesho watangulie kanisani. Tumbo linanisumbua.