Trauti wa Nyarugusu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, vumbi limelazwa na mvua ya jana. Kijitabu cha uvuvi kinasema hali kama hii ni nzuri kwa kuvua.

Nyumbani Kambarage, Shinyanga mjini. Nimepanga vitu kitandani kabla ya chai. Ufito mrefu wa kuvulia, mshipi, kioo cha kukuzia, fulana yenye mifuko mingi. Nzi bandia niliowashona mwenyewe kwa manyoya ya kanga, nywele za mbuzi na uzi wa cherehani. Vijiti vyenye utepe mwekundu, vya kuwekea alama mahali penye dalili za samaki. Nzi na vijiti ni kazi yangu. Vingine, pamoja na kijitabu, aliniachia mpangaji wangu, fundi mitambo wa New Zealand, mkataba wake wa mgodini ulipoisha. Alisema kwao watu husafiri wiki nzima, mto hadi mto, kumtafuta samaki aitwaye trauti. Ana madoa mwilini. Anapenda maji ya baridi yanayokimbia juu ya kokoto. Wakimpata wanamrudisha majini. Sehemu hiyo ya mwisho sijaielewa. Nimeiruka.

Njia yetu: Shinyanga, Kahama, Ushirombo, Nyarugusu. Jumamosi Goodness, binti wa kaka yangu Nestory, anafunga ndoa huko Nyarugusu, mkoani Geita. Mimi ndiye shangazi. Kwenye kikao cha harusi nilisimama nikatangaza kwamba samaki wa meza ya maharusi nitamvua mwenyewe njiani, kwa nzi wa uzi. Wifi yangu Asteria, mama wa bibi harusi, akasema basi shangazi akija mikono mitupu asisimame kutoa nasaha, nasaha atatoa Mariana, dada yake yeye Asteria. Wajumbe wakapiga makofi. Nadhani walikuwa wananipigia mimi.

Mume wangu, Baba Juliana, anabaki na duka. Dereva ni mdogo wake, shemeji Agapiti, na gari lake la Probox. Ameuliza kama kuna mtu amewahi kumwona trauti mkoani kwetu. Nikamjibu hakuna aliyewahi kumtafuta kwa utaratibu. Akasema hata pundamilia wa majini hajatafutwa kwa utaratibu.

Jaribio la kwanza: bwawa la kunyweshea ng'ombe, Ibadakuli. Nzi amenasa kwenye mkia wa ng'ombe. Ng'ombe ameondoka na mshipi wote. Mwenye ng'ombe akauliza, kwa upole sana, mnyama wake amenikosea nini. Nzi amerudi. Nywele zake zimepungua.


Jumanne, 6 Mei

Mawingu mazito alfajiri, jua kali baadaye.

Mto wa kwanza baada ya Kahama: mchanga mtupu, akina mama wanachimba visima vya maji ya kunywa. Nimeandika, hapafai.

Mto Nikonga, mbele ya Ushirombo: maji yapo, rangi ya chai ya maziwa. Akina mama wanafua. Nimerusha nzi muda mrefu. Mmoja wao, Zipora, akauliza kwa nini namchapa mtu ambaye hayupo. Nikamweleza kuhusu nzi wa uzi anayemdanganya samaki. Akafikiri, kisha akauliza huyo samaki akishaliwa, mlaji hasikii ladha ya cherehani? Wenzake wakacheka mpaka kanga moja ikachukuliwa na maji. Nimeirudisha kwa ufito. Ndicho kitu pekee nilichovua leo.

Lakini nimegundua jambo. Kijitabu kinaagiza kugeuza mawe. Chini ya mawe ya Nikonga nimekuta wadudu wadogo bapa wenye mikia mitatu, sawasawa na picha ya ukurasa wa tisa. Chakula cha trauti. Nimewatazama kwa kioo hadi shingo ikauma. Wanapumua kwa vitu kama manyoya ubavuni. Nani alijua? Nimemwambia Agapiti, chakula cha trauti kipo, kwa nini trauti asiwepo? Akasema kwake nyasi zipo tele na hana ng'ombe hata mmoja.


Jumatano, 7 Mei

Ukungu mwepesi, baridi ya kutosha. Siku ya trauti kama ipo.

Nyarugusu. Kwa Nestory tumefika asubuhi, nikashuka mtoni peke yangu kabla Asteria hajauliza mkononi nina nini. Kijito kizuri. Kokoto. Maji yanakimbia. Nilivaa fulana na buti za mpira. Rusha, vuta, geuza jiwe, tazama kwa kioo, andika, chomeka kijiti. Wadudu ni wengi kuliko Nikonga. Utepe mwekundu umependeza ukingoni.

Vijana wawili wa machimbo wakasimama ng'ambo. Wakaniamkia shikamoo mara mbili. Wakauliza natafuta nini. Nikasema samaki. Wakatazamana. Mmoja akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, sawa mayu, samaki, kwa sauti ya mtu aliyeaminiwa siri. Mwingine akauliza kama samaki huyo yuko chini sana au yuko juu juu. Swali zuri. Nikamjibu kwamba asubuhi huwa chini, jua likipanda hupanda. Akashukuru, wabeja sana, akaondoka akikimbia.

Watu wa huku wana hamu ya kujifunza. Nimefurahi.

Jioni Nestory akaniuliza kama ni mimi niliyekuwa mtoni na kipimo cha madini. Nikasema ni ufito wa kuvulia. Akauliza kama nimewaambia watu hivyo. Nikasema ndiyo, kwamba natafuta samaki tu. Akashika kichwa. Anasema hapa aliyeona dhahabu hasemi ameiona. Husema anatafuta kuni, mbuzi aliyepotea, dawa ya tumbo. Samaki, anasema, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kijito kile hakina samaki na kila mtu anajua.


Alhamisi, 8 Mei

Anga jeupe. Moshi mwingi upande wa mtoni.

Ni moshi wa akina mama lishe. Rashi imeanza, mbio za dhahabu. Mamia ya watu wamevamia ukingo kwa sururu na sepetu, na kila kijiti changu kina shimo na mtu ndani yake. Utepe wangu mmoja umefungwa kwenye kofia ya mtu kama nishani.

Katika shimo la kijiti cha nne yupo Masalu. Bwana harusi.

Nilichuchumaa ukingoni. Akaniamkia kutoka chini, shikamoo shangazi, hakuacha kuchimba. Ni kijana mzuri. Tangu aache shule amekuwa akiosha mawe ya watu wengine mwaloni, kwenye kusafishia dhahabu, hajawahi kuwa na duara, shimo lake mwenyewe. Hili ni la kwanza. Na kwenye rashi, mwenye shimo akitoka tu, mwingine anaingia na shimo linakuwa lake. Kwa hiyo hatoki. Chakula anashushiwa kwa kamba. Anaomba harusi isogezwe kidogo, mpaka afike kwenye mwamba. Nikamwambia hakuna kitu hapo, ni wadudu wenye mikia mitatu. Akasema ananielewa kabisa, na kwamba Mungu anibariki.

Nikampelekea Goodness salamu zake. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Amesema tangazo la ndoa limesomwa kanisani Jumapili tatu, gauni limeshabanwa kiunoni, na wajomba wameshapanda basi. Asipotoka shimoni mpaka Jumamosi, basi asisumbuke kutoka, wamfukie humo humo. Halafu akaniuliza kama niliona anakohoa, maana jana usiku kulikuwa na baridi.

Ni mimi niliyechomeka kijiti cha nne.

Asteria amebadilika. Ameniletea chai na viazi, ameniita wifi yangu kipenzi, kisha akafunga mlango. Anaomba kijiti kimoja tu, karibu na shamba la Mariana, hata kama ni cha samaki. Nimekataa kabisa. Halafu akasema kweli nasaha ni kazi ya shangazi, hakuna mwingine. Nimempa viwili.


Ijumaa, 9 Mei

Jua toka asubuhi. Hakuna wingu.

Nimeamua kusema ukweli wote hadharani. Nilipanda kwenye jiwe katikati ya kijito nikaeleza kila kitu, mpangaji, kijitabu, trauti, ukurasa wa tisa. Wachimbaji walizima mashine za kuvuta maji wakanisikiliza. Mzee mwenye ndevu akanyoosha mkono. Akauliza, tangu Jumatatu mama ameshavua samaki wangapi?

Nikasema bado.

Mkutano mzima ukaguna kwa kuridhika. Mashine zikawashwa tena.

Masalu akaniita kutoka shimoni. Akasema, kwa heshima zote shangazi, mtu mzima mwenye akili zake hawezi kutoka Shinyanga na gari, mto hadi mto, kuja kutafuta samaki ambaye hayupo. Agapiti alikuwa nyuma yangu. Amesema hilo shimo lina mtu mwenye busara.

Mchana nimefikiri. Ukweli haufai kitu. Kinachowatoa watu shimoni ni shimo bora zaidi. Nimekwenda kwa katekista Stanslaus. Uwanja wa kigango cha hapa umezungukwa na minyaa pande zote, minene, na geti ni moja. Nimemwomba jambo dogo kuhusu geti hilo. Amesema lazima aombe kwanza. Ameingia kanisani, ametoka mapema kuliko nilivyotarajia, amesema sawa, ila nisichomeke chochote kwenye maua ya Bikira Maria.


Jumamosi, 10 Mei

Mawingu ya juu, upepo kutoka nyuma. Upepo bora kabisa wa kurushia.

Misa saa nne. Saa mbili nilikuwa uwanjani kwenye kigango nikirusha nzi juu ya nyasi kavu. Sijawahi kurusha vizuri namna ile. Mshipi ulikunjuka angani kama uzi wa utando. Rusha, vuta, inama, tazama kwa kioo, andika, chomeka. Mwanamke aliyepita na ndoo akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta kifungo cha gauni langu. Akaitua ndoo pale pale barabarani na kukimbia.

Walikuja. Kwanza wachache, kisha mto mzima. Masalu alikuwa wa tano getini, tope mpaka kwenye nyusi, sururu begani. Alinipita bila kuniamkia. Alipokanyaga kijiti cha tatu, Stanslaus akafunga geti.

Goodness alikuwa akisubiri nyuma ya sakristia, gauni limekunjwa magotini lisichafuke. Akatembea mpaka kwenye kile kijiti, polepole, kila mtu akampisha. Akamtoa Masalu sururu mkononi, akampa katekista. Akamwambia, haya, umetoka. Sabuni iko kwenye pipa.

Masalu akatazama sururu. Akatazama kijiti. Nilishikilia ufito kwa mikono miwili. Kisha akamtazama Goodness, na nadhani ndipo alipoona macho yake yalivyovimba. Akasema alifikiri akimletea kitu cha kwake mwenyewe ndipo atastahili kusimama naye. Akajibiwa kwamba walioalikwa kusimama naye ni yeye, si jiwe. Akaenda kuoga.

Padre alifika kwa pikipiki, akakuta umati ambao hajauona tangu Pasaka. Alifurahi sana. Aliimba beti zote. Wakati wa mahubiri sururu zilisikika nje upande wa minyaa, yeye akadhani ni ngoma za Wasukuma wa upande wa bwana harusi, akatingisha kichwa kwa kuzifuatisha.

Pilau limeliwa na wachimbaji wote. Samaki hakuwepo. Nilisimama kutoa nasaha, Mariana naye akasimama. Asteria alimvuta kwa gauni akakaa. Nilizungumza kuhusu subira na utaratibu. Agapiti anasema wakati nikiendelea watoto wawili walilala na mmoja alihamia meza nyingine. Bibi harusi alilia. Nimeridhika.

Wakati wa kupiga picha Masalu aliniinamia sikioni. Akauliza, shangazi, sasa mimi ni mtoto wako kabisa, kati ya vijiti vya hapa kanisani, cha kweli ni kipi?


Jumapili, 11 Mei

Anga safi, baridi, umande mwingi.

Rashi imekwisha. Jana jioni mashimo yote ya mtoni yalifikia maji badala ya mwamba, na aliyelivamia shimo la Masalu alitoka humo akiogelea. Watu wamehamia kwingine, inasemekana kuna mzee anatafuta mbuzi. Parokia imeniagiza kurudishia udongo uwanjani, ni haki yao. Agapiti na mimi tumefanya hivyo baada ya misa. Nimeahidi mbele ya padre, Nestory na halmashauri ya kigango kwamba sitashika tena ufito ule mkoani Geita.

Saa kumi tulipita mtoni na maharusi, wanatusindikiza kwenye gari. Nikachungulia shimo la kwanza. Tope limetua. Maji maangavu, chini kokoto tupu. Nimeingiza mkono: baridi kabisa. La pili vivyo hivyo. Kijito kinaingia upande mmoja, kinatokea upande wa pili. Nimesimama hapo nikihesabu. Mabwawa, maji yanayotembea, chakula ukurasa wa tisa. Sasa naelewa kwa nini trauti hayupo Nyarugusu. Hajaletewa. Kijitabu kinasema vifaranga wake husafirishwa kwenye mifuko yenye barafu.

Masalu akauliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu, natazama maji tu. Akauliza tena, taratibu, kama maji hayo yako chini sana au yako juu juu. Goodness akamshika mkono kwa nguvu.

Nimemwomba Agapiti tuahirishe safari kwa siku moja. Amelaza kiti cha Probox na kujifunika uso kwa kofia.

Kesho alfajiri nitashuka peke yangu kupima kina cha kila shimo. Si kwa ufito, nimeahidi. Nimeazima kwa Nestory bomba refu la chuma na kamba ya rangi. Nitafanya kimya kimya, na nikiulizwa nitasema ukweli.

Nalala saa tano kasorobo.