Ataelewa Tu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kliniki ya Dandora. Mitchelle kachanjwa, akalia, nikampa titi, akanyamaza. Sista akauliza kama nataka mwingine. Mwingine! Huyu hata hajatembea! Akanipa kondomu za bure, akasema niongee na mzee. Nikasema ndiyo, sista. Niongee vipi? Tuko ndoani na bado nazima koroboi kwanza ndipo nivue nguo. Bahati nzuri Baba Mitchelle yuko zamu ya usiku kiwandani hadi Jumamosi. Nina mpango. Sisemi neno. Ataziona mwenyewe, ataelewa.

Jumanne, 5 Machi
Jana jioni nilitia moja mfukoni mwa ovaroli yake. Karudi asubuhi, kaoga, kalala. Nimekagua mfuko: mtupu! Kwa furaha nimesonga ugali wa watu sita.

Jumatano, 6 Machi
Leo ndani ya kiatu. Jirani yangu Wavinya (watoto wanne, mdomo wa watu kumi) anasema mwanamume huambiwa. Nikamjibu wangu ana akili, haambiwi. Alicheka hadi akashika ukuta. Wivu.

Alhamisi, 7 Machi
Zilizobaki zote chini ya mto. Baba Mitchelle akanitazama, akatabasamu, akasema amenielewa, ningoje Jumamosi. Moyo wangu!

Jumamosi, 9 Machi
Mpira! Amezipuliza, akazifunga kwa majuala ya plastiki na nyuzi za gunia, vile yeye na wenzake walivyofanya wakiwa wadogo. Eti alijua namtakia mtoto kitu cha kukimbilia. Eti mke mwenye haya hivi angemaanisha nini kingine? Unadunda hadi darini. Wavinya akauliza mlangoni kama huu ndio uzazi wa mpango wenyewe. Nilitaka kulia.

Ndipo Mitchelle akaachilia meza, akaufuata. Hatua mbili! Tukapiga kelele, tukakumbatiana, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia zilikuwa za nini. Nikamwambia naomba huyu akue kwanza, anyonye ashibe. Baba Mitchelle akaona haya kuniliko. Akasema, si ungesema tu, mama? Akatoka mbio hadi dukani. Karudi na pakiti mbili, na mkate wa kuzifunika.

Jumapili, 10 Machi
Tumetumia. Hakuna aliyekufa. Baba Mitchelle amelala, mtoto kifuani, mpira miguuni. Kumbe kusema ni rahisi hivyo!

Sasa natamani anipeleke nisomee ushonaji. Nimwambie? Aka, naona haya. Nimemtilia sindano na uzi mfukoni mwa ovaroli. Ataelewa.