Bwana wa Nyuma ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi
"Hata akikaa ughaibuni miaka mia, hataweza kuchora mtu akaonekana hai." Ndivyo alivyoandika mhakiki wa gazeti la nyumbani. Mia! Nina miezi saba tu huku, na tayari nina mchumba. Karibu mchumba. Fundi wa nguo wa chumba cha chini. Nitamchora, picha iende kwenye maonyesho, mhakiki ameze maneno yake. Turubai la kuchorea sina. Nimekuta mawili makuukuu nyuma ya kabati, yenye michoro iliyofifia, kazi ya mpangaji wa zamani. Moja nimelipaka rangi nyeupe ya ukutani. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaketi kwa madaha, kanda ya kupimia shingoni. Sijawahi kuchora uso kama ule! Ila pichani, nyuma ya kiti chake, kajitokeza bwana mrefu. Rangi ya chini inapenya, basi. Nimemfunika kwa pazia la buluu.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana katoka kwenye pazia. Mkono kauweka begani mwa fundi. Bila haya! Nimemuuliza fundi huyu ni nani wake. Kacheka: mzee mzima unaonea wivu rangi? Kisha akajishika bega. Lina baridi tangu asubuhi, kasema.

Ijumaa, 7 Machi
Mwandaaji wa maonyesho kapita. Eti hatimaye nimekomaa, kile kivuli nyuma ya mwanamke kimemsisimua mwili. Nikamweleza kirefu jinsi nilivyokibuni.
Fundi alinisubiri ngazini. Hapati usingizi, kasema. Akifumba macho, mtu anampumulia kisogoni. Nichague: niichome picha ile leo, Jumapili twende tukafunge ndoa, au nisimjue tena. Nikaapa.
Nimechoma picha yangu ya bakuli la machungwa. Moshi ni moshi.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaona jivu uani, kalia kwa furaha. Kaniita mume wangu! Picha iko chini ya kitanda changu. Kuna kinachokwaruza huko. Panya.

Jumapili, 9 Machi
Fundi hajaja. Mama mwenye nyumba kapanda kwa hasira: mgeni wangu yule mrefu, aliyetoka na fundi asubuhi, kachafua ngazi yote kwa rangi ya buluu, nipanguse. Eti fundi alikuwa amekauka kama sanamu. Kabla ya kutoka, fundi aligonga mlango wangu mara tatu.
Nilisikia. Nilikuwa nalipaka nyeupe lile turubai la pili.
Nimeivuta picha. Pazia wazi. Kiti kitupu. Sakafuni, kanda ya kupimia. Pale sikuichora.
Kisha nikaelewa.
Sasa nyinyi wahariri mliochapa yale maneno: nataka mniombe radhi, ukurasa wa kwanza, kabla ya maonyesho. Watu wangu hawaonekani hai? Wameondoka kwa miguu yao! Na hili la pili, lenye mtoto, au labda mbwa, naanza kesho.